Mwongozo Kamili kwa Mkaazi wa Nairobi: Namna ya Kufuatilia Bunge la Kaunti Linapochagua Viongozi Wapya

Mwezi Desemba mwaka 2020 wakaazi wa Nairobi walijikuta na kaimu gavana ambaye hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amempigia kura ya ugavana. Bunge la Kaunti lilikuwa limemwondoa Gavana Mike Sonko mwanzoni mwa mwezi huo, Seneti ikaunga mkono uamuzi huo tarehe 17, na kwa kuwa kiti cha naibu gavana kilikuwa wazi tangu Polycarp Igathe alipojiuzulu Januari 2018, Katiba ilimkabidhi mamlaka mtu aliyefuata katika safu, yaani Spika wa Bunge la Kaunti. Spika huyo, Benson Mutura, alikuwa amekalia kiti hicho kwa takriban miezi minne tu, baada ya kuchaguliwa na wawakilishi wadi mwezi Agosti, katika kikao ambacho nadhani wakaazi wengi wa jiji hawakukijua hata kilifanyika siku gani.

Kisa hicho kinaonyesha jambo ambalo mpiga kura wa kawaida hulipuuza: baada ya uchaguzi mkuu kumalizika na mabango kuondolewa barabarani, huwa kuna chaguzi nyingine ndogo ndogo zinazofanyika ndani ya City Hall, na hizo ndizo huamua nani ataongoza vikao, nani atachunguza matumizi ya fedha na nani atawapiga msasa mawaziri wa kaunti. Mkaazi hana kura katika chaguzi hizo. Ana haki ya kuziona zikifanyika, kusema kabla hazijafanyika, na katika hatua moja muhimu, kupinga kwa maandishi ya kiapo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutumia haki hizo hatua kwa hatua, na utamfaa zaidi yule atakayeanza kuutumia wiki kadhaa kabla ya kikao chenyewe, kwa kuwa mengi huwa yameshaamuliwa siku ya kikao inapowadia.

Hatua ya kwanza: fahamu nani huchaguliwa na nani

Nairobi ina maeneo bunge 17 na wadi 85. Kila wadi, iwe Kiamaiko, Kileleshwa, Kwa Njenga au Ruai, humchagua mwakilishi mmoja kwa kura ya moja kwa moja. Juu ya hao 85 huongezwa wawakilishi maalumu wanaotokana na orodha za vyama, ili jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wanachama na ili vijana, watu wanaoishi na ulemavu na makundi yaliyotengwa wapate sauti. Wawakilishi hao maalumu wana kura sawa na wale wa wadi katika chaguzi zote tutakazozungumzia, na kwa hiyo anayefanya hesabu ya kura za Spika akiwasahau hao huwa amekosea mapema.

Spika huchaguliwa na wawakilishi hao, lakini yeye mwenyewe lazima atoke nje yao. Kifungu cha 178 cha Katiba kinasema wazi kwamba Spika wa bunge la kaunti achaguliwe miongoni mwa watu ambao si wanachama wa bunge hilo. Naibu Spika, kwa upande mwingine, hutoka miongoni mwa wawakilishi wenyewe. Kiongozi wa wengi, kiongozi wa wachache na viranja wao hawapigiwi kura na Bunge zima hata kidogo: hao huteuliwa na vyama au miungano yao, kisha jina huandikiwa Spika barua, naye hulitangaza. Wenyeviti wa kamati huchaguliwa na wanakamati. Mawaziri wa kaunti huteuliwa na Gavana na kuidhinishwa na Bunge. Msimamizi wa wadi ni mwajiriwa wa kaunti, na chifu ni afisa wa serikali ya kitaifa, kwa hivyo malalamiko kuhusu chifu hayana pa kushughulikiwa City Hall hata ukiyapeleka kwa sauti kubwa kiasi gani.

Wazee wa mji huu bado humwona Spika kama mrithi wa meya, na kosa hilo lina sababu yake. Katika baraza la jiji la zamani, meya alichaguliwa na madiwani, tangu enzi za Charles Rubia, aliyekuwa meya wa kwanza Mwafrika mwaka 1962, hadi George Aladwa, ambaye alikuwa wa mwisho kabla ya ugatuzi kuanza mwaka 2013. Utendaji wa meya ulihamia kwa gavana anayechaguliwa na wananchi wote, na kuongoza kikao kukabaki kwa Spika.

Hatua ya pili: jiandae wiki kadhaa kabla

Uchaguzi mkuu ujao umepangwa tarehe 10 Agosti 2027, na Bunge jipya haliketi siku inayofuata. Kwanza tume ya uchaguzi hutangaza washindi, kisha huchapisha katika gazeti rasmi la serikali majina ya wawakilishi maalumu kwa kufuata idadi ya viti ambavyo kila chama kimepata. Gavana ndiye hutangaza, kwa ilani katika gazeti rasmi, siku na mahali pa kikao cha kwanza. Mwaka 2022, kwa mfano, kura zilipigwa tarehe 9 Agosti, naye Kennedy Ngondi akachaguliwa Spika mwezi Septemba. Pengo hilo la wiki kadhaa ndilo shamba lako la kulima.

Tafuta nyaraka tatu. Ya kwanza ni gazeti rasmi lenye orodha kamili ya wawakilishi, wa wadi na maalumu, kwa sababu bila orodha hiyo huwezi kujua chama gani kina wingi wa kweli. Ya pili ni Kanuni za Kudumu za Bunge la Kaunti, ambazo ndizo zinazoeleza kwa kina namna ya kuwasilisha majina ya wagombeaji, kupiga kura na kurudia kura. Ya tatu ni Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Usijilazimishe kuisoma yote kwa usiku mmoja. Sehemu inayohusu bunge la kaunti, Spika na karani inatosha kwa kuanzia.

Wale wanaotaka kuwa Spika huwasilisha karatasi zao za uteuzi kwa karani wa Bunge kabla ya siku ya kura. Majina hayo yakishajulikana, huwa gumzo la magazeti na vituo vya redio kwa siku mbili tatu. Tumia siku hizo kuchunguza mgombeaji aliwahi kushika wadhifa gani, na je, rekodi yake inaonyesha mtu anayeweza kumnyima gavana wa chama chake jambo ambalo sheria inakataza? Hilo ndilo swali ambalo mimi hulipa uzito kuliko elimu au ufasaha wa kuongea, kwa sababu Spika pia ndiye mwenyekiti wa bodi inayosimamia wafanyakazi na huduma za Bunge, na Spika dhaifu hulifanya Bunge zima kuwa ofisi ndogo ya gavana.

Hatua ya tatu: zungumza na mwakilishi wako kabla hajapiga kura

Kura ya kumchagua Spika hupigwa kwa siri. Maana yake kwa mkaazi ni kwamba baada ya kikao hutajua kamwe mwakilishi wako alimchagua nani, isipokuwa atakavyokuambia mwenyewe, na hata hapo utalazimika kuamini maneno yake. Nafasi pekee ya kumfunga kwa ahadi ni kabla ya kura, tena mbele ya mashahidi.

Mwendee kwa heshima inayostahili cheo chake, lakini usimwendee peke yako. Watu watano au sita kutoka makundi yanayojulikana katika wadi, kama vile chama cha akina mama, kikundi cha vijana, chama cha wenye nyumba au wafanyabiashara wa soko, husikilizwa zaidi ya mtu mmoja anayemngoja langoni. Maneno yanaweza kuwa mafupi kama haya: “Mheshimiwa, tumekuja kama wakaazi wa wadi yako. Tungependa kujua ni sifa gani unazitafuta kwa Spika, ni kamati gani mbili unazoziomba, na ni lini utaturudia kutueleza yaliyotokea.” Angalia kwamba hakuna aliyemwambia ampigie nani. Ukimwambia ampigie fulani, atakuona kama wakala wa fulani, na mazungumzo yataishia hapo. Ukimwuliza sifa na kamati, atalazimika kusema jambo linaloweza kupimwa baadaye. Andikeni majibu yake, someni kwa sauti mbele yake, na mmoja wenu aweke tarehe.

Si siri kwamba katika siku hizo vyama huwaita wawakilishi wao kwenye mikutano ya faragha, pengine nje ya jiji, ili kukubaliana msimamo. Mwakilishi akishaingia katika mkutano huo, simu yako huenda isijibiwe, na ndiyo maana nasisitiza kumwona mapema.

Hatua ya nne: siku yenyewe City Hall

Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti kuendesha shughuli zake kwa uwazi na kufanya vikao vyake, pamoja na vya kamati, hadharani. Umma na vyombo vya habari haviwezi kufungiwa nje isipokuwa katika hali zisizo za kawaida, ambapo Spika ameona kuna sababu za haki za kufanya hivyo. Kwa hiyo huendi kuomba fadhila. Unakwenda kama mtu anayeingia sokoni. Hata hivyo nafasi katika roshani ya umma si nyingi, na siku ya kumchagua Spika hujaa jamaa na wafuasi wa wagombeaji tangu asubuhi.

Fika mapema kwa angalau saa moja na nusu. Beba kitambulisho, vaa nguo za heshima, na usibebe bango wala fulana yenye picha ya mgombeaji. Mimi mwenyewe siku moja nilifika saa nane na nusu alasiri kamili, nikidhani kufika kwa wakati ni kufika wakati kikao kinapoanza, nami nikaishia kuufuatilia mjadala wote kwenye simu nikiwa nimeketi nje kwenye ukuta. Vikao vya kawaida vya Bunge la Nairobi huwa zaidi siku za Jumanne, Jumatano na Alhamisi, lakini kikao cha kwanza hufuata ilani ya gavana, kwa hiyo siku na saa uzichukue kutoka kwenye ilani hiyo. Ukiwa ndani, zima mlio wa simu, usipige picha bila idhini, usipige makofi wala kuzomea. Mgeni anayepiga kelele huweza kutolewa nje, na kelele zako humpa Spika ajaye sababu ya kuwaogopa wageni.

Shughuli huanza bila Spika, jambo ambalo huwashangaza wanaohudhuria mara ya kwanza. Karani ndiye huongoza. Husoma ilani ya gavana, huwaapisha wawakilishi, kisha huendesha uchaguzi wa Spika. Kuapishwa kwa wawakilishi zaidi ya mia moja huchukua muda mrefu, na ni wakati mzuri wa kulinganisha majina na orodha uliyobeba. Wengine huapa kwa Kiingereza na wengine kwa Kiswahili, kwa kuwa lugha rasmi za bunge la kaunti ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya.

Hatua ya tano: namna ya kuisoma kura

Katika mzunguko wa kwanza, mgombeaji wa uspika anahitaji kuungwa mkono na theluthi mbili ya wanachama wote. Tilia maanani neno “wote”. Bunge likiwa na wanachama 120, kwa mfano wa hesabu tu, theluthi mbili ni kura 80, hata kama waliohudhuria siku hiyo ni 95. Hapo ndipo kutohudhuria kunapogeuka kuwa mbinu: mwakilishi anayebaki nje kwenye ukumbi wa kahawa anampinga mgombeaji sawasawa na yule anayempigia mwingine. Asipopatikana mshindi, wawili walioongoza hurudi katika mzunguko mwingine, na hapo mwenye kura nyingi zaidi huchukua kiti. Mara nyingi kabla ya mzunguko wa pili mmoja wao hujiondoa, na ukiona hivyo ujue mazungumzo yamefanyika katika korido, ingawa hakuna atakayekuambia yalihusu nini.

Uamuzi mwingine wa kawaida wa Bunge huhitaji wingi tu wa waliohudhuria na kupiga kura, mradi akidi ya theluthi moja ya wanachama imetimia. Spika mwenyewe hana kura. Kuhusu naibu Spika sina mengi: uchaguzi wake hufuata utaratibu unaofanana na huo, na kwa kawaida chama chenye wingi hukipata kiti hicho bila jasho.

Hatua ya sita: usiende nyumbani kabla ya kamati

Wanahabari wengi huondoka baada ya Spika kuapishwa. Kwa maoni yangu kazi ya mkaazi ndipo inapoanza. Bunge zima likiketi, mwakilishi wako ni sauti moja kati ya zaidi ya mia. Katika kamati huwa mmoja wa wachache wanaoweza kumwita afisa mkuu wa kaunti, kumwapisha na kumwuliza barabara ya wadi yenu imelipiwa mara ngapi. Mamlaka hayo ya kuwaita mashahidi yametoka katika Kifungu cha 195, na ni sawa na ya Mahakama Kuu.

Mgawanyo wa viti vya kamati hupitia kwanza kamati ndogo inayopanga majina, ambamo kiongozi wa wengi, kiongozi wa wachache na viranja wana usemi mkubwa. Orodha hiyo hufikishwa mbele ya Bunge ikiwa imekwishapikwa, na kwa nadra hubadilishwa. Ikiwa wadi yenu ina shida ya maji, kama wadi nyingi za Embakasi, na mwakilishi wenu ameahidi kuomba kamati ya maji, mwulize kiranja wa chama chake kwa barua, kabla orodha haijasomwa, kama jina lake limo. Barua kutoka kwa wakaazi kwenda kwa kiranja si jambo lililozoeleka, na ndiyo maana husomwa.

Baada ya orodha kupitishwa, kila kamati hukutana na kumchagua mwenyekiti na makamu wake, kura ikisimamiwa na karani wa kamati. Vikao hivi navyo ni vya hadhara. Zingatia hasa kamati ya hesabu za umma na ile ya bajeti. Mwenyekiti wa kamati ya hesabu akiwa rafiki wa karibu wa wale atakaowakagua, ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huweza kulala mezani hadi makosa yaliyomo yasahaulike. Kumbuka pia kwamba kiti cha kamati si cha kudumu. Chama kinaweza kumwondoa mwanachama wake katika kamati, na vilevile kumbadilisha kiongozi wake Bungeni. Mwaka 2020 chama cha Jubilee kilivutana kwa muda mrefu kuhusu nani ni kiongozi wa wengi Nairobi, na wakati mafahali walipopigana, shughuli za kamati ndizo zilizokuwa nyasi.

Hatua ya saba: kuwapiga msasa mawaziri wa kaunti

Hii ndiyo hatua ambayo mkaazi ana nguvu ya kisheria iliyo wazi kuliko zote, na ndiyo inayotumiwa kidogo kuliko zote. Gavana wa Nairobi anaweza kuwa na mawaziri wasiozidi kumi, na kila mmoja lazima aidhinishwe na Bunge la Kaunti. Chini ya sheria ya mwaka 2017 kuhusu uidhinishaji wa uteuzi katika mabunge ya kaunti, karani huutangazia umma siku na mahali pa mahojiano angalau siku saba kabla, na mtu yeyote anaweza kupinga kufaa kwa aliyeteuliwa kwa kuwasilisha kwa karani taarifa ya maandishi iliyoapiwa.

Siku saba ni chache, kwa hiyo anza siku tangazo linapotoka. Andika hati yako kwa aya zenye nambari. Jitambulishe, taja aliyeteuliwa na wadhifa wake, kisha eleza jambo moja moja: lilitokea lini, wapi, ulilijuaje, na ni ushahidi gani umeuambatisha. Tenga kabisa yale uliyoyaona na yale uliyoyasikia. Hati yenye aya sita zenye ushahidi ina uzito kuliko kurasa ishirini za hasira, na uvumi ulioapiwa unaweza kukugeukia mwenyewe mahakamani. Unganisha hoja zako na Sura ya Sita ya Katiba, inayohusu uongozi na uadilifu, au na ukosefu wa ujuzi unaohitajika kwa wadhifa huo. Ukiwa na mambo ya kusema kuhusu kabila lake au nyumbani kwake, yaache hukohuko.

Nenda ukaape mbele ya kamishna wa viapo, ambaye kwa kawaida ni wakili, au mbele ya hakimu. Toa nakala tatu: moja ya karani, moja ya kamati, na moja ya kwako ambayo utaiomba igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kisha hudhuria mahojiano. Kamati ikikataa jina na Bunge likakubaliana nayo, gavana hulazimika kuleta jina jingine, na mchakato huanza upya, pamoja na haki yako ya kupinga.

Hatua ya nane: baada ya viti kujaa

Viongozi waliochaguliwa wanaweza kuondolewa, na ni vyema ujue vizingiti. Spika huondolewa kwa azimio linaloungwa mkono na angalau asilimia 75 ya wanachama wote. Beatrice Elachi, aliyechaguliwa Spika wa Nairobi mwaka 2017, aliondolewa na wawakilishi Septemba 2018, akarejea kupitia mahakama, kisha akajiuzulu Agosti 2020. Miaka hiyo miwili ya mvutano inafaa kukumbukwa na yeyote anayedhani kumchagua Spika asiyeaminiwa ni kosa linalorekebishwa kwa urahisi. Mwakilishi wa kawaida naye hupoteza kiti akikosa vikao vinane bila ruhusa ya maandishi ya Spika, na mahudhurio ni jambo linaloweza kuhesabiwa kutoka kwenye kumbukumbu.

Kumbukumbu hizo, yaani Hansadi, orodha za wanakamati na ripoti za mahojiano, ni mali ya umma. Kama huzipati kwenye tovuti ya Bunge, mwandikie karani ukitaja Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo inamtaka ajibu ndani ya siku 21. Taja nyaraka kwa jina na tarehe: ukiomba “taarifa zote kuhusu kamati” utajibiwa kwamba ombi halieleweki, lakini ukiomba orodha ya waliohudhuria kikao cha kamati fulani siku fulani, hakuna mengi ya kubishania. Siku 21 zikipita kimya, peleka nakala ya barua yako yenye muhuri kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana zaidi kama Ombudsman, ambayo ndiyo yenye jukumu la kusimamia sheria hiyo, na uambatishe yale majibu ambayo mwakilishi wako aliyatoa mbele ya mashahidi kabla ya kura.